Mashine ya Kupumulia Usingizini na Baridi Kavu ya Johannesburg: Usiifungie Kabatini

Leo tunazungumzia jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu hapa Johannesburg wanalo lakini hawalisemi, ama kwa aibu, ama kwa kudhani ni jambo dogo. Ni ile mashine ya kupumulia usingizini waliyopewa na daktari, ambayo sasa imelala kabatini pamoja na mablanketi ya ziada.

Ukiwauliza kwa nini wameiacha, majibu yanafanana. "Inanikausha pua." "Naamka koo linawaka." "Nilitokwa na damu puani nikaogopa." "Maji yalinimwagikia usoni usiku wa manane." Wengi waliianza vizuri miezi ya mvua, kisha ilipofika Juni na baridi ikashika, wakashindwa.

Habari njema ni kwamba matatizo hayo mara nyingi yana dawa, na dawa yenyewe huenda tayari unayo. Ni kile kisanduku cha maji kinachokaa ubavuni mwa mashine au chini yake. Tuelezane kinafanya nini, kwa nini hapa Johannesburg kina umuhimu kuliko Dar es Salaam au Mombasa, na namna ya kukitumia.

TUANZE NA UGONJWA WENYEWE

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Lakini kuna mtu anayekoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza ghafla kama sekunde kumi, ishirini au zaidi, halafu anashtuka kwa kishindo kama aliyekuwa anazama majini. Dakika chache baadaye anarudia. Wazee wetu wakiona hivyo walisema amekabwa na jinamizi. Madaktari wanaita kukatika kwa pumzi usingizini, au apnia.

Kinachotokea ni hiki: ukilala, misuli ya koo inalegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa nyuma ya ulimi na kaakaa laini inajifunga. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo tu, koo linafunguka, unavuta pumzi na kurudi kulala. Asubuhi hukumbuki lolote. Madaktari huhesabu matukio hayo kwa saa: 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Mwenye matukio 30 kwa saa anashtushwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha.

Ndiyo maana mtu huyo analala saa nane na bado anasinzia kwenye teksi, kanisani, msikitini na kazini. Presha yake inapanda na dawa hazifanyi kazi vizuri. Hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo inaongezeka. Na akiwa dereva, hatari si yake peke yake. Ndugu zetu wengi ni madereva, wa magari ya abiria mjini na wa malori ya masafa kwenda Durban au mpaka wa Beitbridge. Kusinzia sekunde tatu kwenye barabara ya N1 au N3 kunatosha kuacha watoto yatima wa nyumba mbili.

MASHINE INAFANYA NINI?

Mashine hii hujulikana kwa kifupi kama CPAP. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na majaribio yao yalichapishwa mwaka 1981. Wazo lake ni rahisi. Ni feni ndogo inayovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kuisukuma kupitia mpira hadi kwenye maski uliyovaa. Msukumo huo unalizuia koo lisijifunge, kama vile mpira wa baiskeli unavyosimama ukiwa na upepo ndani.

Hapa tusahihishe dhana moja. Mashine hii haitoi oksijeni. Hewa inayokufikia ni ile ile ya chumba chako, ila imesukumwa. Kama hewa ya chumba ni kavu, inakuja kavu. Kama ni baridi, inakuja baridi. Na kama ina moshi au sumu, inakuja nayo. Tutalirudia hilo chini.

KWA NINI JOHANNESBURG INAKAUSHA KULIKO PWANI?

Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za kiangazi cha huku, Oktoba hadi Machi. Kipupwe cha Juni, Julai na Agosti ni kikavu kabisa: mbingu safi, majani ya manjano, midomo inapasuka, na usiku joto la nje linashuka mara nyingi hadi nyuzi 4 au chini ya hapo. Waliotoka Lubumbashi wanaujua ukavu wa namna hii. Aliyetoka Tanga, Zanzibar au Mombasa anashangaa kuona nguo alizofua zimekauka na ngozi yake pia imekauka.

Tuangalie hesabu kidogo. Chumba cha Dar usiku chenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80 kina maji kama gramu 18 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Chumba cha Johannesburg mwezi wa Julai chenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 35 kina gramu 4 na nusu tu. Hiyo ni robo ya ile ya Dar. Lakini mapafu hayakubali hewa kavu. Hewa ikifika ndani kabisa lazima iwe na joto la mwili, nyuzi 37, na imejaa unyevu, yaani gramu 44 kwa kila mita ya ujazo. Tofauti hiyo yote inatolewa na pua na koo lako.

Kwa kawaida pua inaiweza kazi hiyo. Ukivuta hewa, pua inaipa joto na unyevu. Ukitoa pumzi, pua inajirudishia sehemu ya unyevu ule. Ni kama duka linalokopesha na kulipwa. Tatizo linaanza ukivaa maski ya pua huku mdomo umefunguka usingizini. Hewa ya mashine inaingia puani na kutokea mdomoni, upande mmoja tu, bila kurudi. Sasa pua inakopesha saa nzima na hailipwi. Inakauka, inavimba kwa ndani kujihami, inatoa kamasi na kuziba. Ikiziba, unafungua mdomo zaidi, na hewa inavuja zaidi. Watafiti wa Australia walionyesha jambo hili mwaka 1996: hewa ikivuja mdomoni, pua inazidi kubana, na hewa yenye joto na unyevu ilipunguza sana kubana huko.

Kwa hiyo ukiamka na pua iliyoziba, usikimbilie kusema mashine imekuletea mafua. Mara nyingi si mafua. Ni ukavu.

KAZI YA KISANDUKU CHA MAJI

Kifaa hiki kwa Kiingereza chetu cha mitaani tunakiita hyumidifaya. Hapa tutakiita chombo cha unyevu. Ndani yake kuna maji, na chini yake kuna bamba la chuma linalopashwa na umeme. Maji hayachemki, yanakuwa vuguvugu tu. Hewa ya mashine inapita juu ya maji hayo, inachukua mvuke, kisha inaingia kwenye mpira na kuja puani kwako.

Wengine huuliza: kwa nini yapashwe moto? Si maji ya kawaida yangetosha? Jibu analo bibi yako kijijini. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa sababu maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto. Chombo cha unyevu kisicho na moto hufanya vivyo hivyo. Hewa inapopita, maji yanazidi kupoa, na maji baridi hutoa mvuke kidogo. Ikifika saa nane usiku chumba kikiwa na baridi, chombo hakisaidii tena. Bamba la moto linarudisha joto lile, na mvuke unaendelea kutoka hadi asubuhi.

Je, kinasaidia kweli? Tuseme ukweli kama ulivyo. Utafiti umeonyesha kwamba unyevu wa moto unapunguza ukavu wa pua na koo. Kuhusu kama unawafanya watu watumie mashine kwa saa nyingi zaidi, tafiti nyingine zimeona hivyo na nyingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa mtu anayeishi mahali pa joto na unyevu huenda asione faida. Lakini wewe unayelala Yeoville au Rosettenville mwezi wa Julai, na pua yako inalalamika, una kila sababu ya kujaribu kabla ya kukata tamaa.

NAMNA YA KUPATA KIWANGO CHAKO

Mashine nyingi zina namba za unyevu, kwa mfano kutoka 0 hadi 5 au hadi 8. Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu. Fanya hivi:

1. Anza katikati. Lala nayo usiku mbili au tatu bila kubadilisha.

2. Ukiamka na pua kavu, koo linalowasha au damu kidogo puani, panda namba moja. Subiri tena usiku mbili au tatu.

3. Ukiamka na matone ya maji kwenye maski, au ukasikia mpira unalia kama maji yanachemka ndani, shuka namba moja, au fuata ushauri wa sehemu inayofuata.

4. Kumbuka kubadilisha kwa majira. Kiwango cha Januari wakati wa mvua si kiwango cha Julai. Wengi wanaoshindwa mwezi Juni hawajagusa kitufe hicho tangu siku ya kwanza.

5. Angalia maji asubuhi. Chombo kingi hubeba mililita 300 hadi 400 hivi, na usiku wa kipupwe kinaweza kukaribia kwisha. Ukikuta kikavu kabisa kila asubuhi, huenda hewa inavuja sana kwenye maski au mdomoni. Mwambie aliyekupa mashine aangalie.

Namba za unyevu na joto unaruhusiwa kuzibadilisha mwenyewe. Namba za msukumo wa hewa usiziguse. Hizo ni za daktari.

MAJI YANAYONIMWAGIKIA USONI NI YA NINI?

Umewahi kufunua sufuria ya wali ukaona matone kwenye mfuniko? Ni mvuke wa moto uliokutana na chuma kilichopoa. Mpira wa mashine hufanya hivyo hivyo. Hewa inatoka kwenye chombo ikiwa ya moto na yenye unyevu, inapita kwenye mpira wa karibu mita mbili ulio katika chumba baridi, na kabla haijakufikia unyevu umegeuka matone. Ukigeuka usingizini, maji yanateremka puani. Unaamka umeshtuka, unaitupa maski.

Dawa zake ni hizi:

- Weka mashine chini ya usawa wa kichwa, kwenye stuli fupi kando ya kitanda, ili maji yarudi kwenye chombo badala ya kuja usoni. Isikae juu ya kabati.

- Pitisha mpira ndani ya blanketi lako, au uuvike kitambaa kizito. Soksi ndefu za sufu zilizokatwa vidole na kushonwa pamoja zinafaa kabisa.

- Usiweke mashine karibu na dirisha linalopitisha baridi, wala moja kwa moja mbele ya hita.

- Kama mashine yako inakubali, uliza mpira wenye waya wa joto ndani yake. Huo hutunza joto la hewa hadi kwenye maski.

- Ikishindikana yote, punguza unyevu namba moja.

NITUMIE MAJI GANI?

Yanayopendekezwa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena, ili chumvi na madini yabaki nyuma. Kwenye famasi na baadhi ya maduka makubwa uliza "distilled water". Maji ya bomba hayatakuua kwa usiku mmoja, lakini madini yake yanaacha ukoko mweupe kwenye chombo, kama ule wa ndani ya birika, na bamba la moto linafanya kazi kwa shida.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakuondoi madini. Hata hivyo, ukiishiwa, maji yaliyochemshwa na kupoa ni bora kuliko ya bomba moja kwa moja. Mjini hapa maji hukatika mara kwa mara, kwa hiyo weka chupa moja ya akiba kwa ajili ya mashine tu, na uwaambie watoto wasiinywe.

Maji ya betri ya gari yasitumike kamwe. Sehemu nyingine jina hilo hutumika hata kwa maji yenye asidi. Vilevile usitie kitu chochote ndani ya maji: si Vicks, si mafuta ya mkaratusi, si mwarobaini, si marashi. Mafuta yakipulizwa usiku kucha ndani ya mapafu yanaweza kukuletea ugonjwa mwingine, na yanaharibu mashine.

USAFI

Maji vuguvugu yaliyokaa ni nyumba ya bakteria na ukungu. Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki, suuza chombo, kiache wazi kikauke. Jioni weka maji mapya. Usijazie juu ya maji ya jana.

Mara moja kwa wiki osha chombo, mpira na maski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, suuza vizuri, anika kivulini. Ukiona ukoko mweupe, loweka chombo kwa siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu tisa kwa nusu saa, kisha suuza mpaka harufu iishe. Usitumie Jik wala dawa nyingine kali za kusafishia.

Chujio nalo lisisahaulike. Agosti upepo unapovuma, vumbi la milima ya taka za machimbo ya dhahabu linaingia majumbani, hasa kusini mwa mji, na katika baadhi ya mitaa moshi wa makaa unakaa hewani jioni nzima. Kagua chujio kila wiki majira hayo. Likiwa la kijivu, badilisha.

UMEME UKIKATIKA

Mgao wa umeme wa Afrika Kusini ulioanza mwishoni mwa 2007 ulifika kilele chake mwaka 2023, na tangu mwisho wa Machi 2024 umepungua sana. Lakini nyaya zinaibwa, transfoma zinaharibika, na kuna mitaa inayozimiwa umeme saa za matumizi makubwa. Kwa hiyo ni vizuri kuwa tayari.

Jambo la kujua ni kwamba kinachokula umeme zaidi si feni, ni moto wa kupasha maji. Feni peke yake mara nyingi hutumia wati 10 hadi 30. Ukiwasha chombo cha unyevu na mpira wa joto, inaweza kufika wati 60 hadi 90. Betri ndogo inayoweza kuendesha feni usiku mzima itakwisha mapema ukiwasha na moto. Hivyo, umeme ukikatika na unatumia betri, zima joto la maji na ulale na feni tu. Pua itakauka kidogo usiku huo, lakini koo halitajifunga.

Na wale mnaohofia gharama ya umeme wa kulipia kabla, ule ambao Tanzania tunauita LUKU: mashine yenye unyevu ikitumia wati 60 kwa saa nane inakula karibu nusu yuniti. Birika la wati 2,000 linakula kiasi hicho kwa robo saa tu.

TAHADHARI KUBWA: JIKO LA MKAA CHUMBANI

Hapa tunakuomba usome mara mbili. Kila kipupwe watu hufa mjini hapa kwa kulala na mbaula, jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa. Moto ule hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamki.

Wako wanaodhani kwamba wakivaa maski ya mashine wako salama. Hapana! Chujio la mashine linazuia vumbi, halizuii gesi. Mashine itavuta sumu ile ile ya chumbani na kukusukumia. Hita ya gesi au ya mafuta ya taa nayo ina hatari hiyo ikiwa chumba hakina pa kupitishia hewa. Pasha chumba kabla ya kulala, toa jiko nje kabisa, fungua dirisha kidogo, kisha jifunike vizuri. Chombo cha unyevu kitakusaidia kuipa joto hewa ya puani.

MASHINE ZA MITUMBA

Mashine mpya ni ghali, na wengi wetu tunatumiwa na ndugu walioko Ulaya au tunanunua iliyotumika. Kabla hujaiwasha, zingatia haya:

Kwanza, mwaka 2021 kampuni ya Philips iliitisha mamilioni ya mashine zake duniani, zikiwemo nyingi za DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyokuwa ndani iliweza kumomonyoka na kuingia kwenye njia ya hewa. Baadhi ya mashine hizo bado zinauzwa mkononi. Angalia jina na namba ya mashine, na umuulize daktari au duka la vifaa vya tiba.

Pili, msukumo uliowekwa ni wa mgonjwa mwingine, si wako. Lazima ipangwe upya kwa vipimo vyako.

Tatu, mashine za zamani hutaka kuambiwa ziko mwinuko gani. Mpya nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini ya zamani iliyotoka mji wa pwani inaweza kukupa msukumo usio sahihi hapa juu.

Nne, maski, mpira, chujio na chombo cha maji viwe vipya. Usivae maski ya mtu.

UKISAFIRI NYUMBANI

Mwaga maji yote kabla ya kufunga begi. Maji yakiingia kwenye feni, mashine imekufa. Ibebe mkononi ndani ya ndege, pamoja na barua ya daktari. Vichwa vingi vya umeme vya mashine hizi hukubali volti 100 hadi 240, lakini thibitisha kwenye maandishi yake. Plagi ya Afrika Kusini yenye pini tatu kubwa za duara haiingii kwenye soketi za Kenya, Tanzania na Uganda, wala zile za Kongo, basi nunua adapta mapema.

Ukifika Mombasa au Dar, shusha kiwango cha unyevu. Huko hewa yenyewe tayari imejaa maji, na ukiacha namba ya Johannesburg unaweza kuamka na maski iliyolowa. Ukirudi, pandisha tena.

NIMEFANYA YOTE, BADO PUA INAZIBA

Usikae kimya. Huenda una mzio au nyama za pua, na daktari anaweza kukupa dawa ya kupuliza. Maji ya chumvi ya pua yanayouzwa famasi ni salama na yanasaidia kabla ya kulala. Lakini zile dawa za matone zinazozibua pua mara moja, usizitumie zaidi ya siku chache. Zikizoeleka, pua inaziba zaidi kuliko mwanzo.

Kama mdomo unafunguka, uliza kuhusu maski inayofunika pua na mdomo pamoja. Kama ni maski inayovuja, omba saizi nyingine. Damu ikitoka puani kwa wingi au mara kwa mara, nenda ukaonwe.

Na wale mnaofanya kazi ya ulinzi usiku: mashine inafuata usingizi, haifuati saa. Ukilala mchana, ivae mchana. Madaktari wengi huhesabu saa 4 kama kiwango cha chini cha matumizi, lakini kadiri unavyovaa zaidi ndivyo unavyofaidika.

KWA AMBAYE HAJAPIMWA

Kama umesoma ukajitambua, au umemtambua mume, mke au mzee wako, anzia kwenye kliniki iliyo karibu au kwa daktari wa kawaida. Nenda na mtu unayelala naye chumba kimoja, kwa sababu yeye ndiye shahidi, wewe ulikuwa umelala. Rekodi ya sauti kwenye simu inasaidia pia. Sema wazi: "Nakoroma, pumzi inakatika, nasinzia mchana, na presha yangu haishuki." Ukiwa dereva, sema pia kwamba ni dereva. Kisha omba barua ya rufaa kwenda kupimwa usingizi. Katika hospitali za serikali huenda ukasubiri. Mwenye bima ya afya aulize mapema kama inalipia kipimo na mashine.

Wengine wanaogopa kwenda kwa sababu ya karatasi. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 27, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Ukiona shida mlangoni, nenda na mtu anayejua lugha na taratibu za huku, lakini usikate tamaa ukarudi kulala na ugonjwa.

Na kwa wewe ambaye mashine yako iko kabatini: leo jioni itoe. Osha chombo, badilisha chujio, weka maji safi, iweke kwenye stuli fupi, funika mpira, anza na namba ya katikati. Ipe wiki mbili. Ikikushinda, rudi kwa aliyekupa umweleze tatizo ni nini hasa. Mwenye nyumba yako, ambaye kwa miezi amekuwa akihamia chumba cha watoto kwa ajili ya kelele, atakuwa wa kwanza kukuona umebadilika.

Angalizo: makala hii ni ya kuelimishana tu, haichukui nafasi ya daktari wako.